Mtaalamu wa Lugha Katika Kiti cha Naibu Spika

Makala haya yanadhamiria kuonyesha namna taaluma ya lugha inavyoweza kumwandaa mtu kwa siasa. Mfano wetu ni Dkt. Joyce Laboso, ambaye sisi wa Sosiot twamhesabu jirani, maana Sotik ni ng'ambo ya pili ya mashamba ya chai.

Laboso alifundisha katika Chuo Kikuu cha Egerton na kupata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, akijikita katika jinsia na lugha. Aliingia siasani kwa njia ya msiba. Mnamo Juni 2008, dada yake, Lorna Laboso, mbunge wa Sotik, alifariki katika ajali ya ndege. Septemba mwaka huohuo, Joyce alishinda uchaguzi mdogo. Mwaka 2013 alichaguliwa Naibu Spika wa Bunge la Kitaifa, mwanamke wa kwanza katika wadhifa huo.

Isimujamii hutufunza kuwa mamlaka hudhihirika katika zamu za mazungumzo: nani anasema, nani anakatizwa. Bungeni, zamu hizo hugawiwa na anayekalia kiti. Hivyo, mtafiti wa jinsia na lugha alikabidhiwa ugawaji wa usemi wenyewe. Hata hivyo, kiti si kura: mwaka 2016 mswada wa kutekeleza kanuni ya thuluthi mbili ya jinsia ulikosa kura 233 zilizohitajika.

Mwaka 2017 alichaguliwa gavana wa Bomet, miongoni mwa wanawake watatu wa kwanza nchini kuchaguliwa magavana. Alifariki tarehe 29 Julai 2019. Anayedai kwamba kusomea lugha ni kusomea ualimu tu, na aitafakari safari hii.