Kiambishi na- katika Ramani ya Höhnel

Mwezi Machi, 1888, msafara wa Sámuel Teleki, kabaila wa Hungaria, ulifika kwenye ziwa kubwa lililozungukwa na jangwa la mawe ya volkeno, kaskazini ya Kenya. Ludwig von Höhnel, luteni wa jeshi la majini la Austria, ndiye aliyechora ramani ya safari hiyo. Ziwa wakaliita Rudolf, kwa jina la mrithi wa kiti cha Austria. Na lile dogo la kaskazini-mashariki wakaliita Stefanie, kwa jina la mkewe. Sehemu ya pwani ya mashariki ilifanywa Hifadhi ya Sibiloi mwaka 1973.

Lakini maziwa hayo hayakuwa bila majina. Höhnel mwenyewe aliyaandika: Basso Narok na Basso Naebor, yaani ziwa jeusi na ziwa jeupe. Mwanafunzi wa Temeke au Kinondoni ayasikiapo yaelekea atadhani kwamba hii ni na yetu ya kuunganisha. Sivyo. Katika Kimaasai, ambacho Kisamburu ni ndugu yake wa karibu mno, sifa hupatana na jinsi ya jina: jina la kiume hutaka o-, la kike hutaka na-. Mlima, oldoinyo, ni wa kiume. Kwa hiyo mlima mweusi ulioko Namanga ni Oldoinyo Orok. Maji, enkare, ni ya kike. Ndiyo sababu maji baridi ni Enkare Nairobi, asili ya jina la mji mkuu wa Kenya na la Ngare Nairobi yetu ya Kilimanjaro. Ngare Nanyuki, karibu na Mlima Meru, ni maji mekundu.

Basi narok yatwambia ni vinywa vya nani vilivyolifikisha jina kwenye karatasi: vya wasemao Kimaa. Nao viongozi wa msafara, kama Jumbe Kimemeta wa Pangani, mfanyabiashara ya pembe, walikwisha kuzizoea nchi za Wamaasai kabla ya Teleki. Waturkana wa magharibi na Wadasenech wa kaskazini wana lugha zao mbali. Kwa hiyo, kuliita Basso Narok “jina la asili” la ziwa, pasipo kusema ni asili ya nani, naona ni kupita kiasi.

Mwaka 1975 serikali ya Kenya ililiondoa jina la Rudolf ikaweka Turkana, nalo pia ni jina la watu wa upande mmoja wa maji.