Ukimwona Abiria Analia, Usianze na Kamera

Stendi ya Magufuli hapa Mbezi Luis haina mchana wala usiku. Tangu ilipozinduliwa Februari 2021 kuchukua nafasi ya ile ya Ubungo, wapiga debe wanagombea abiria, wachukuzi wanapishana na mabegi ya shangazi kaja. Siku hizi wameongezeka na wenye simu zilizoinuliwa juu.

Mama mtu mzima akigundua tiketi aliyouziwa ni feki, akakaa juu ya mzigo wake na kulia, anayewahi kumfikia mara nyingi ni mwenye kamera. Hajaulizwa hata anakwenda wapi, kilio chake kimeshatangulia Kahama, wanawe wanakitazama kwenye grupu la familia.

Anayerekodi huenda hana ubaya na mama huyo. Anatafuta kiki, na mtandaoni aibu ya mtu ina soko kuliko heshima yake. Ndiyo maana kijana ambaye simu ikiisha chaji angempokea mama mzigo, ikiwa na chaji anamzunguka apate sura vizuri.

Sheria zipo. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kumsumbua au kumtisha mtu kwa njia ya mtandao, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeunda tume ya kupokea malalamiko. Lakini sheria huja nyuma ya video. Aliyeiposti anaweza kuifuta. Nakala zilizokwisha kusambaa hazifutiki.

Kwa hiyo kinga ya kwanza ni ya mwenye simu: omba ruhusa. Ukiona haya kumwuliza, "Mama, nikurekodi?", jibu umeshalipata. Kipimo hicho kinafaa hata nyumbani. Mgonjwa aliyelala wodini hajakuruhusu, na mtoto anayeogeshwa hawezi kukuruhusu. Atakua, na picha ataikuta.

Nawe msomaji, ukikutana na mama huyo stendi, mpokee mzigo, mpeleke polisi au LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini. Ikibidi kupiga picha, piga tiketi feki iwe ushahidi. Sura yake mwachie mwenyewe.