Mtaimbo Uliombadilisha Mtu

Mara ngapi tumemwona mtoto mpole na mtiifu ambaye, akiisha kuugua homa kali au kuanguka kutoka mtini, ageuka mkali, mwenye matusi, asiyemjali mkubwa wala mdogo? Hapo maneno yaanza kunong'onwa: amelogwa, au, vibaya zaidi, yeye mwenyewe ni mchawi. Kabla ya kuhukumu, na tusikilize habari moja ya kweli.

Tarehe 13 Septemba 1848, karibu na Cavendish katika jimbo la Vermont, nchi ya Marekani, watu walikuwa wakipasua miamba ili kupitisha reli. Kapita wao, Phineas Gage, kijana wa miaka 25, alikuwa akishindilia baruti shimoni kwa mtaimbo wa chuma. Baruti ikalipuka. Mtaimbo ule, wenye urefu wa sentimeta 109 na uzito wa kilo 6, ukampenya chini ya shavu la kushoto, ukatokea juu ya kichwa, ukaanguka mbali. Ajabu, hakufa! Daktari John Harlow alimwuguza, na jeraha likapona, ingawa jicho la kushoto lilipofuka.

Lakini tabia yake haikuwa ile. Zamani alikuwa mtu wa bidii na busara. Sasa akawa mwenye matusi, mgeugeu, asiyevumilia shauri lililopinga matakwa yake. Kusema na kukumbuka aliweza. Hata hivyo wakubwa wake walikataa kumrudishia kazi ya ukapita, na rafiki zake wakanena ya kuwa huyu si Gage tena.

Sababu yake nini? Ndani ya ubongo, kuume na kushoto, mna sehemu mbili ndogo mfano wa kokwa ya lozi, ziitwazo amigdala. Hizo ni kama mlinzi wa usiku: zikihisi hatari, moyo waenda mbio na ngumi zakazwa kabla hatujafikiri. Nyuma ya paji la uso mna sehemu nyingine, mfano wa mzee wa baraza, ipimayo: Je, huyu ni adui kweli? Nikimpiga, kesho itakuwaje? Nyuzi nyingi za fahamu zaziunganisha sehemu hizo, habari zikienda na kurudi. Mtaimbo ulimjeruhi mzee wa baraza. Mlinzi akabaki akipiga kelele bila wa kumtuliza.

Je, basi roho si kitu? Sivyo. Tangu Mtaguso wa Vienne, mwaka 1312, Kanisa limefundisha waziwazi kwamba roho na mwili vimeungana kweli katika mtu mmoja, wala roho si kama mpangaji katika nyumba ya mwingine. Mpiga zeze akiwa hodari namna gani, uzi ukikatika wimbo waharibika. Tena Katekisimu ya mwaka 1992 yatukumbusha ya kuwa hatia ya mtu yaweza kupungua kwa sababu ya hofu, mazoea, au mambo mengine ya nafsi.

Wala Gage hakupotea kabisa. Mwaka 1852 alikwenda Chile, akaendesha magari ya farasi kwa miaka kadhaa, kazi itakayo saburi na adabu kwa abiria. Alifariki mwaka 1860 huko California. Wataalamu wengine wahisi kwamba kazi ile ya kila siku, yenye utaratibu, ilimrudishia sehemu ya utu wake.

Ninyi wanafunzi, jueni kwamba sehemu ile ya mbele hukomaa mwisho, hata baada ya miaka 20. Ndiyo maana kijana huwaka upesi kama majani makavu. Hiyo si ruhusa ya kugombana! Njia ya msituni ipitwayo kila siku hupanuka. Vivyo hivyo, anyamazaye kidogo kabla ya kujibu tusi aizoeza njia ya upole.

Nasi wazazi, mtoto akibadilika ghafula, tumpeleke hospitali, wala si kwa mwagua. Malaria iliyopanda kichwani, kifafa, au pigo la kichwa vyaweza kugeuza tabia yake. Tusimfukuze, tusimpige, tusimwite mchawi. Mtoto huyo ataka dawa, saburi na kazi ndogo ya kila siku. Na tukimnyima hivyo, Bwana atatudai sisi, wala si yeye.