Wimbo Uko Kwenye Simu, Majina Yako Tanga

Kuandika habari za muziki siku hizi ni rahisi kuanza. Mwanachuo aliye likizo Handeni, mwenye simu na bando la siku, anaweza kusikiliza Simba Wanyika asubuhi na jioni akawa na ukurasa mzima. Kazi huanza pale msomaji anapouliza: hilo gitaa kapiga nani? Bendi ilitokea wapi? Wimbo uliopakuliwa mara nyingi huja na jina la msanii tu, basi. Majina mengine yote yako kwa watu, na watu wana mahali wanapokaa.

Tubaki na Simba Wanyika. Wengi wetu tunaihesabu kuwa bendi ya Kenya, na si uongo, maana huko ndiko ilikovuma. Lakini ndugu wawili walioiongoza, Wilson na George Peter Kinyonga, walianzia Tanga katika Jamhuri Jazz Band. Mwaka 1970 walihamia Arusha wakaunda Arusha Jazz, na mwaka 1971 wakaenda Mombasa, wakaanzisha Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wakajitenga na kuunda Les Wanyika, ile ya "Sina Makosa". Kwa hiyo muziki tunaouita wa Nairobi una mzizi katika mji ambao mtu wa Korogwe anaufikia na kurudi siku hiyo hiyo.

Ukirudi nyuma zaidi, mambo yanakuwa matamu. Kabla ya kuitwa Jamhuri, bendi hiyo iliitwa Young Nyamwezi. Sasa Unyamwezi na Tanga wapi na wapi? Jibu unaliona ukiwa dirishani kwenye basi: mkonge. Zao hilo lililetwa mwaka 1893, na reli kutoka Tanga ikafika Korogwe mwaka 1902. Mashamba yalitaka watu, na manamba wakaja kutoka mbali, Wanyamwezi wakiwemo. Mtu aliye mbali na kwao, akiwa na mshahara mfukoni, mwisho wa wiki anataka dansi. Huwezi kuueleza muziki wa Tanga ukauacha mkonge nje.

Haya ndiyo yanayonifanya nitetee safari ya ghafla. Likizo moja nilikuwa Korogwe kwa shangazi. Jumamosi asubuhi nikapita stendi, konda akawa anaita "Tanga, Tanga!", nikapanda. Sikuwa na miadi na mtu. Segera, Muheza, Kange, kisha daladala hadi Ngamiani, kule ambako barabara huitwa kwa namba. Kwenye kijiwe cha kahawa nikawaamkia wazee, nikauliza kama kuna aliyewahi kuwaona Atomic Jazz jukwaani. Mmoja akanijibu, "Kaa kwanza, mjukuu wangu, unywe kahawa." Haikupita nusu saa, wazee wawili walikuwa wanabishana: bendi ipi ilikuwa inajaza ukumbi, Atomic au Jamhuri, na nani alikuwa anapiga besi. Ubishi ule nisingeupata kwenye simu hata ningekesha.

Ila kusikia bado si kuandika. Safari ya namna hii huzaa makala ukifanya mambo machache. Kwanza, nenda na swali moja dogo. Ukiuliza "nielezeni muziki wa zamani" utapewa hotuba. Pili, omba ruhusa kabla ya kurekodi sauti, na uandike jina la mzungumzaji kama mwenyewe anavyolitaja. Tatu, wazee wawili wakipishana, usichague unayempenda. Andika kauli zote mbili, useme nani kasema nini. Nne, andika usiku ule ule, kabla mambo ya wiki hayajafuta uliyoyasikia. Na picha ya lebo ya santuri, ikiwa mtu anayo, ipige pande zote mbili.

Mfano mzuri tunao nyumbani. John Kitime, mpiga gitaa wa Kilimanjaro Band, amekuwa akiandika mtandaoni habari za wanamuziki wa Tanzania. Anaandika kama mtu aliyekuwa jukwaani, kwa majina na matukio. Sisi ambao hatukuwepo, nauli ndiyo njia yetu.

Tahadhari moja kabla hujafungua blogu yako. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu kuwa na leseni ya TCRA, kwa ada iliyozidi shilingi milioni moja, hela ambayo mwanachuo haioni hata kwa boom. Kanuni hizo zimebadilishwa tangu wakati huo, kwa hiyo soma zilizopo sasa kabla ya kuanza. Gazeti la chama cha wanafunzi nalo lipo, na kuandikia humu hakuna ada.

Lakini usisubiri sana. Shakila Said, aliyeimba taarabu na Black Star na Lucky Star za Tanga, alifariki mwaka 2016. Aliyekuwa na miaka 20 akicheza dansi la Jamhuri mwaka 1968, leo anaukaribia umri wa miaka 80. Vitabu vya maktaba vitatungoja hadi muhula ujao. Wazee wa Ngamiani wana ratiba yao, na sisi hatuijui.