Sungura wa Porini Siyo Dume la Mbegu



Juzi kijana mmoja kanipigia simu ana furaha kweli: "Afisa, nimenasa dume la porini. Nataka limpande jike langu nipate watoto wagumu wasiougua." Nikamwambia, mdogo wangu, hapo hupati kitu.

Kwa Kiswahili wote tunawaita sungura, lakini ni wanyama wawili tofauti. Tunaowafuga asili yao ni Hispania na Ureno, wana kromosomu 44. Wa kwenye mapori yetu ana 48. Hata wakipandana, watoto hakuna.

Angalia na maisha yao. Wa porini hachimbi shimo, analala juu ya ardhi kwenye nyasi. Mimba yake ni kama siku 42, na watoto wanazaliwa na manyoya, macho wazi. Wako anabeba siku 31 tu, anazaa watoto uchi, vipofu, kwa sababu ukoo wake huzalia shimoni. Ndiyo maana nasema kila siku: weka sanduku la kuzalia, lenye giza na nyasi kavu, siku ya 28. Ukichelewa, watoto wanamwagwa kwenye waya na baridi inawamaliza.

Kuna sungura wa kisiwa cha Amami, Japani. Huyo akishanyonyesha anaziba mlango wa shimo kwa udongo, anaondoka, kisha anarudi kufukua. Na wako ana tabia inayofanana: ananyonyesha dakika chache, kwa kawaida mara moja kwa siku. Usiseme kawatelekeza. Asubuhi kagua matumbo ya watoto. Yakiwa yamejaa, mama yuko kazini.

Jambo lingine: ukimwona anakula kinyesi chake laini, usishtuke. Anajipatia protini na vitamini. Hata wa porini hufanya hivyo.

Yule dume la kijana? Nilimshauri alirudishe porini siku hiyohiyo. Ndani ya kizimba linajigonga kwa hofu, linaweza kuleta viroboto na magonjwa bandani, na kukamata mnyamapori bila kibali ni kosa.

Ukitaka watoto wagumu, tafuta dume bora kwa mfugaji mwenye kumbukumbu za uzazi, lisiwe ndugu wa majike yako. Mkitenge siku 14 kabla ya kumchanganya na wengine.

Kazi njema, tukutane shambani!