Nyoka Mla Mayai: Kwa Nini Asiye na Sumu Hufanana na Mwenye Sumu

Katika vibanja vya migomba vya Bukoba na Muleba, nyoka aonekanapo kati ya majani makavu aghalabu huuawa kabla haijajulikana ni wa aina gani. Jambo hilo laeleweka, kwani mkoani Kagera wako nyoka wenye sumu kali, kama vile kifutu na fira. Lakini Tanzania ina pia nyoka asiyeweza kumdhuru mtu hata kidogo, ambaye huuawa kwa kosa moja tu: amefanana na mwenye sumu. Mfanano huo haukutokea kwa bahati.

Nyoka wawili wafananao

Wa kwanza ni nyoka mdogo wa jamaa ya kifutu, ambaye jina lake la kitaalamu ni Causus rhombeatus. Huyu huishi katika nchi za magharibi ya Ziwa Victoria na kwingineko Afrika, hupenda mahali penye unyevu, na chakula chake kikuu ni vyura. Mwili wake una rangi ya kahawia au kijivu, na mgongoni ana mabaka meusi yaliyopangwa kwa safu. Kisogoni ana alama mfano wa herufi V. Akichokozwa hujijaza hewa, hutoa mvumo mkubwa na kuuma. Sumu yake huleta maumivu na uvimbe, ingawa ni nadra kumwua mtu.

Wa pili ni nyoka mla mayai, Dasypeltis scabra, aliyeenea sehemu nyingi za Afrika. Urefu wake kwa kawaida hauzidi mita moja, na yeye pia ana mabaka mgongoni na alama za V karibu na kichwa. Huyu hana sumu, na meno yake ni madogo na machache mno. Hula mayai ya ndege tu. Yai humezwa zima. Kisha ncha za mifupa ya uti wa mgongo zitokezazo ndani ya koo hulipasua, ute na kiini hushuka tumboni, na ganda hutapikwa.

Hata hivyo, nyoka huyu akitishwa hutanua kichwa, hujikunja na kuyasugua mapindi ya mwili wake. Magamba yake ya ubavuni yana kingo zenye meno kama msumeno, nayo yakisuguana hutoa sauti kama ya mafuta yachemkayo kikaangoni. Halafu hurusha kichwa kinywa kikiwa wazi, kana kwamba atauma. Ni vitisho vitupu.

Mfanano ulivyotokea

Mtu wa kwanza kueleza jambo la namna hii kisayansi alikuwa Mwingereza Henry Walter Bates. Alikusanya wadudu katika bonde la mto Amazon kuanzia mwaka 1848 hadi 1859, na mwaka 1862 akaeleza kwamba vipepeo wanaofaa kuliwa hufanana na vipepeo wenye ladha mbaya, na kwa hiyo ndege huwaacha. Uigaji huu sasa huitwa kwa jina lake.

Yafaa ieleweke kwamba nyoka hakukusudia kuiga. Katika kila kizazi watoto wa nyoka hutofautiana kidogo: huyu ana mabaka yaliyokolea, yule yaliyofifia. Kipanga au nguchiro amwonapo yule mwenye mabaka yaliyokolea, husita, na kusita huko kwaweza kumpa nyoka nafasi ya kutoroka. Anayetoroka huzaa, na watoto hurithi sura yake. Jambo hili likirudiwa kwa maelfu ya vizazi, sura hukaribia zaidi na zaidi ile ya mwenye sumu. Kwa maneno mengine, mchoraji wa mabaka hayo ni jicho la adui.

Ushahidi mmoja ulitolewa na mwanazuolojia Carl Gans mwaka 1961. Alionyesha kwamba rangi za nyoka mla mayai hubadilika kutoka nchi hadi nchi, zikifuata zile za nyoka wenye sumu wa mahali hapo.

Masharti ya uigaji

Huenda mwanafunzi akauliza: ikiwa sumu yaweza kumwua adui, atajifunzaje kuogopa? Jibu lina sehemu mbili. Kwanza, si kila nyoka mwenye sumu huua, na adui aliyeumwa akapona hukumbuka. Pili, baadhi ya wanyama huzaliwa na woga huo. Mwaka 1975 Susan Smith alieleza majaribio yake ya Costa Rica, ambako ndege waliolelewa na watu, wasiopata kumwona nyoka, walikwepa vijiti vilivyopakwa pete nyekundu na manjano kama nyoka wa huko mwenye sumu kali.

Tena, uigaji hufaa pale tu mwenye sumu alipo. Mwaka 2001 David Pfennig na wenzake wa Marekani walieleza jaribio la kuweka nyoka wa bandia porini. Wale wenye rangi za nyoka mwenye sumu walikwepwa mahali alipo nyoka huyo, lakini walishambuliwa mahali asipokuwapo. Hali kadhalika, waigaji wakizidi mno, maadui hugundua kwamba tishio ni la bure.

Binadamu na nyoka huyu

Kipanga amwonapo mwenye mabaka, huondoka. Mtu mwenye panga husogea. Hivyo vazi lililomwokoa nyoka mla mayai kwa vizazi vingi ndilo limletealo kifo kibanjani.

Hata hivyo, asijaribu mtu kuwatambua wawili hawa kwa kuwashika. Wengi huamini kwamba mboni ya jicho iliyosimama wima ni dalili ya sumu. Hapa mambo ni kinyume: mla mayai ndiye mwenye mboni ya wima, na mwenye sumu ana mboni ya duara. Njia iliyo salama ni kumwachia nyoka nafasi aende zake. Aliyeumwa asichanjwe wala asifungwe kamba ya kukaza. Kiungo kilichoumwa kitulizwe, naye apelekwe hospitali upesi.

Walimu wa baiolojia waweza kulifanya somo hili kwa vitendo. Wanafunzi na wafinyange nyoka wa udongo laini, wengine wenye mabaka na wengine wasio nayo, wawaweke penye nyasi, kisha wahesabu alama za midomo na meno zilizoachwa juu yao. Hapo watajionea wenyewe ni yupi anayeogopwa.