Vineno Vifupi, Rekodi Kubwa: Kiingereza Kikitazamwa kutoka Lubunga

Kisangani ina komini 6, na Lubunga ndiyo pekee iliyoko ukingo wa kushoto wa Mto Kongo. Sokoni ni Kiswahili na Lingala. Shuleni ni Kifaransa. Kiingereza huingia sekondari, saa chache kwa juma, kisha kinamngojea mtoto kwenye Exétat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, wafanyabiashara nao wameanza kukitafuta, maana karatasi za mizigo Kampala na Mombasa huandikwa kwa lugha hiyo. Basi tuzitazame rekodi zake. Karibu zote zimeshikwa na vineno vya herufi mbili, tatu, nne.

Kwa muda mrefu bingwa wa maana nyingi alikuwa “set”. Toleo la pili la kamusi kubwa ya Oxford, la mwaka 1989, lilikipa kitenzi hicho maana zipatazo 430, na maelezo yake yalifika maneno 60,000 hivi, ambayo ni kitabu kizima. Halafu wahariri wa toleo la tatu wakafika kwenye “run”. Mhariri Peter Gilliver alikaa na neno hilo miezi 9. Alipoinua kichwa alikuwa ameorodhesha maana 645 za kitenzi peke yake, na “set” akavuliwa taji.

Kwa nini “run”? Mwandishi Simon Winchester amelijibu swali hilo kwa neno moja: mashine. Waingereza walipoanza kuunda injini walihitaji kitenzi cha kusema kwamba kitu kinafanya kazi, wakalichukua hili lililokuwa la miguu. Lubunga ni mahali pazuri pa kulipima jibu hilo. Hapa ndipo inapoanzia reli ya kwenda Ubundu, kilomita 125, iliyokamilika mwaka 1906 ili kuyakwepa maporomoko 7 ya Boyoma. Treni ikitembea, Mwingereza atasema “runs”. Injini ya mtumbwi ikinguruma, “runs”. Mafuta yakikuishia katikati ya mto, ni “run out”. Mtumbwi ukikwama mchangani, ni “run aground”. Ukikutana na shemeji yako sokoni bila kutazamia, “run into”, na lori likigonga ukuta wa duka lake, “run into” tena. Deni unaloliacha likue kwa muuza sukari: “run up”. Betri iliyokwisha nguvu, na mama aliyechoka kwa kuuguza: “run down”. Katika yote hayo hakuna hata mtu mmoja anayekimbia.

Taji la fujo, kwa hukumu yangu, ni la “go off”. Umeme ukikatika, taa zimefanya “go off”, yaani zimezima. Simu uliyoitega ikuamshe alfajiri ikianza kupiga kelele, nayo imefanya “go off”, na hapo ndipo kwanza inaanza. Samaki ambaye hakukaushwa, siku ya pili atafanya “go off”, na jirani watajua kabla yako. Bomu likilipuka ni neno lilelile. Kisangani, iliyonyeshewa makombora siku 6 mwezi Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani yake, isingekosa pa kulitumia. Kuzima, kuanza, kuoza, kulipuka. Hakuna kanuni inayoyaunganisha hayo manne, na mwalimu anayedai ipo anakupotezea chaki.

Sasa tufike kwenye jambo linalomhusu hasa mwanafunzi wa Kongo, ambalo vitabu vilivyoandikwa Nairobi au London havimwambii. Wanormandi walipoiteka Uingereza mwaka 1066 walikwenda na Kifaransa chao, na leo zaidi ya nusu ya maneno ya kamusi ya Kiingereza yametoka katika Kifaransa na Kilatini. Hivyo maneno yanayomtisha kijana wa Dar es Salaam, kama “tolerate”, “extinguish” na “continue”, kijana wa Lubunga anayo tayari tangu shule ya msingi. Yanayomwangusha ni ndugu zao wa mtaani: “put up with”, “put out”, “carry on”. Ataisoma ripoti ya Umoja wa Mataifa akaimaliza, kisha dereva kutoka Kampala amwambie “hang on” naye atafute cha kushika, kumbe ameambiwa asubiri kidogo.

Na vineno hivyo havikwepeki. Wachambuzi wa hazina ya maandishi ya Oxford waliona kwamba maneno 10 tu hufanya robo ya Kiingereza chote kinachoandikwa, na 100 hufanya nusu yake. La kwanza ni “the”. Nomino inayoongoza ni “time”. Si ajabu kwa watu wanaojisifu kuwa hawachelewi.

Kuna aliyejaribu kuiweka rekodi ya kinyume. Mwaka 1930 Mwingereza C. K. Ogden alitoa Kiingereza chake cha msingi, maneno 850 jumla, vitenzi 18 tu, akiahidi kwamba dunia nzima itakimudu upesi. Churchill mwenyewe alikipigia debe mwaka 1943. Kasoro ilikuwa humohumo ndani ya hesabu: ukifuta vitenzi vingine vyote, “get”, “put” na “give” lazima vibebe kazi yao kwa kushikana na “up”, “in” na “off”. Njia fupi kuliko zote ikapita katikati ya maporomoko.

Neno refu kuliko yote kamusini, lile la herufi 45 linalotaja ugonjwa wa mapafu uletwao na vumbi, nalipita haraka. Lilibuniwa miaka ya 1930 na wapenzi wa mafumbo ili tu liwe refu. Neno linalojulikana kuliko yote lina herufi mbili, “OK”, na lilichapwa mara ya kwanza Boston tarehe 23 Machi 1839, likiwa mzaha wa gazeti.

Neno la hasara kuliko yote kwa aliyesomea Kifaransa ni “demand”. Anayeomba kazi kwa heshima zote, akifuata “demander” aliyoizoea, huandika “I demand”, na bwana wa biro husoma kwamba anaamrishwa. Msemo wa uchongezi kuliko yote ni “French leave”, yaani kuondoka kwenye shughuli bila kuaga. Wafaransa huita tabia hiyohiyo “filer à l’anglaise”. Kila mmoja kamtupia mwenzake. Rahisi kuliko yote ni ule wa kupiga chuma kingali moto, maana Wafaransa wanao vilevile, nasi tuna samaki wetu wa kukunjwa angali mbichi.

Zimebaki rekodi za watu. Januari 1877 msafara wa mpelelezi Stanley ulipopita kwenye maporomoko haya, ndani yake alikuwamo Kalulu, kijana ambaye Stanley alipewa na mfanyabiashara Mwarabu huko Unyanyembe akiwa bado mtoto, akampeleka Uingereza na kumtia shule Wandsworth. Ni miongoni mwa watu wa kwanza kufika hapa na Kiswahili na Kiingereza katika kinywa kimoja. Hakufika baharini. Mwezi Machi mwaka huohuo alikufa maji katika maporomoko ya chini ya mto.

Aliyefaidi Kiingereza cha ukubwani kuliko wote waliowahi kuuona mto huu alikuwa Mpolandi. Joseph Conrad alianza kukijifunza akiwa na miaka 20 hivi, melini, baada ya Kipolandi na Kifaransa. Septemba 1890 alifika hapa, Stanley Falls ya siku hizo, kwa meli Roi des Belges, na daftari alilokuwa akiandikia mawe, mikondo na mafungu ya mchanga aliliandika kwa Kiingereza, ingawa wakubwa wake kazini walikuwa Wabelgiji. Baadaye aliingia katika safu ya waandishi wakuu wa lugha hiyo. Lafudhi ya Kipolandi haikumtoka hadi alipokufa mwaka 1924, na waliozungumza naye Uingereza walilazimika kumsikiliza kwa makini.